Shangazi na Uzito wa Shabu

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali manane, chini ya dirisha la kinyozi, mkabala na geti la mitambo ya maji. Bawaba moja ya mlango ule haijang'olewa mpaka leo, na kila mgeni huikalia mara moja tu maishani mwake. Wenye benchi ni watatu. Wa kwanza ni Mizani, muuza nyama, ambaye mizani yake inajulikana mtaa mzima, na si kwa sifa njema. Wa pili ni Wembe, kinyozi mwenye duka la kiti kimoja na maneno ya viti ishirini. Wa tatu ni Mheshimiwa, aliyewahi kugombea uongozi wa mtaa akapata kura kumi na moja, na tangu siku hiyo humsalimia kila mpita njia kana kwamba ni mmoja wa wale kumi na mmoja. Kahawa humiminwa na mzee mmoja mkavu waliyembandika jina la Birika, asiyecheka wala kukopesha. Watu hawa hawajawahi kukiri kwamba kuna jambo wasilolijua. Ukiwauliza njia watakuelekeza, hata kama mtaa unaoutafuta haujajengwa.

Saa sita na nusu ya mchana mmoja wa jua kali, Shangazi alitoka kwenye geti la mitambo ya maji akavuka barabara na karatasi mkononi. Hakuwa shangazi wa yeyote pale. Aliitwa hivyo kwa tabia yake ya kuwakaripia watu wazima kama watoto wa kaka yake.

— Sogeeni, alisema. Mmekaa watatu mmejaza mahali pa sita. Mnanenepeshwa na nini, umbea?

— Karibu Shangazi, akasema Wembe. Leo umevuka mwenyewe? Maji yamekatika?

— Maji yapo. Itakayokatika ni riziki yangu, na itakatika saa nane kamili.

Akaketi, goti la kushoto likalia kama kiti kibovu, akaieleza habari yake kwa ufupi, maana hakupenda kuhurumiwa na watu aliowazidi akili. Miaka kumi na tisa alikuwa kwenye chumba cha dawa pale ng'ambo. Maji yakiingia na tope, yeye ndiye humwaga shabu, ile dawa nyeupe inayolishika tope na kulizamisha chini. Sasa imekuja amri mpya: hakuna kugusa dawa bila kufaulu mtihani wa kuandika. Maswali kumi. Atakayepata chini ya sita atapewa fyekeo akafyeke majani kuzunguka mabwawa, kuanzia kesho asubuhi. Na mabwawa yenyewe ni manne, na goti zima analo moja.

— Sasa wasiwasi wa nini? akasema Mheshimiwa. Dawa unaijua kama kiganja chako.

— Ninaijua. Hawaniulizi ninavyoijua mimi. Wananiuliza hivi.

Akaikunjua karatasi juu ya paja. Ilikuwa ya mazoezi, aliyowagawia yeye na wenzake bwana mmoja kijana aliyewafundisha kwa nusu saa, akiandika ubaoni kwa mkono wa kulia na kufuta kwa wa kushoto. Swali lilisema: *Tafuta uzito linganifu wa fomula wa salfeti ya alumini.* Chini yake pameandikwa Al₂(SO₄)₃. Pembeni ilikuwepo orodha ya vitu na namba zao: alumini 27, salfa 32, oksijeni 16, na vingine vingi.

— Hiyo salfeti ndiyo nini? akauliza Mizani.

— Ndiyo shabu yenyewe. Hilo ni jina lake la ofisini.

— Subiri kwanza, akasema Mizani, akaiweka kahawa chini. Miaka kumi na tisa unatunywesha kitu usichokijua uzito?

— Na wewe miaka ishirini unatuuzia mifupa ambayo uzito wake unaujua vizuri sana.

Birika akamimina bila kuinua macho. Wembe alicheka mpaka akapaliwa.

Shangazi hakuja pale kwa kuwaamini. Alikuwa amejifungia stoo saa nzima na karatasi ile, na karatasi ukiiuliza haikujibu. Hawa angalau wangejibu. Na mara nyingine mtu akisikia upumbavu unasemwa kwa sauti kubwa, akili yake mwenyewe huamka kwa hasira.

— Lete hapa, akasema Wembe, akijipangusa machozi. Hesabu hii ni ya kichwa, na vichwa ndiyo kazi yangu. Unaona hivi vinamba vidogo vilivyoota chini ya herufi? Mbili, nne, tatu?

— Naviona.

— Hivyo ni vinyweleo. Nyoa.

— Ninyoe?

— Nyoa vyote, kichwa kibaki safi. Ishirini na saba, thelathini na mbili, kumi na sita. Jumla sabini na tano. Andika sabini na tano, nenda kalale. Wahenga walisema, ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji.

— Na hayo maji yanahusu nini hapa?

— Si uko kwenye mitambo ya maji wewe?

Mizani akampokonya karatasi.

— Huyu atakupeleka kwenye fyekeo. Hivi vinamba haviwezi kuwepo bure, Wembe, hakuna mtu anayeandika namba bure. Mbili ina maana vipande viwili. Mteja akisema maini mawili, nampa maini mawili. Kwa hiyo alumini mbili: ishirini na saba, ishirini na saba, hamsini na nne. Tuko pamoja?

— Tuko pamoja, akasema Shangazi. Moyo ukamruka kidogo, maana mpaka hapo mtu yule alikuwa anasema kitu.

— Salfa moja, thelathini na mbili. Oksijeni nne, kumi na sita mara nne, sitini na nne. Salfa na oksijeni pamoja tisini na sita. Tia na hamsini na nne ya alumini: mia na hamsini.

— Bado ile tatu.

— Ndiyo nakuja huko. Haya mabano unayaona? Mabano ni mfuko. Vitu vimefungwa ndani. Sasa mwenzangu, mimi nimepima maisha yangu yote: mtu akipima kitu na mfuko, ni lazima aandike nje mfuko wenyewe una uzito gani, ili autoe. Ile tatu iko nje kwa sababu ndiyo uzito wa mfuko. Mia na hamsini, toa tatu. Mia na arobaini na saba.

Jambo la Mizani lilikuwa limenyooka kiasi cha kutisha.

— Wewe unatoa uzito wa mfuko tangu lini? akauliza Birika. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

— Nasema mtu mwaminifu hufanya hivyo, akajibu Mizani. Sikusema mimi.

Hapo Mheshimiwa akasimama. Hakukuwa na haja ya kusimama, lakini hakuwahi kuzungumza akiwa amekaa.

— Ndugu zangu. Shangazi yangu. Nimewasikiliza kwa subira. Tatizo lenu hamjui uongozi. Hebu itazameni ile tatu: imekaa wapi? Mwisho kabisa, nje, peke yake, imejitenga na kundi. Huyo ni mwenyekiti. Walio ndani ya mabano ni kamati yake. Na alumini aliye mbele ni mwananchi wa kawaida aliyefika mapema. Sasa mwenyekiti akitoa amri, inaishia kwenye kamati?

— Ndiyo, mara nyingi inaishia hapo hapo, akasema Wembe.

— Haiishii! Inamfika kila mtu! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa hiyo ile tatu inazidisha wote, kamati na mwananchi. Mia na hamsini mara tatu, mia nne na hamsini. Andika.

— Mia nne na hamsini? Mizani akaruka. Yaani unampa shabu uzito wa ng'ombe?

— Mimi simpi. Fomula ndiyo inampa.

— Wewe uliwahi kuongoza nini mpaka utufundishe habari za wenyekiti?

— Nilipata kura kumi na moja, bwana!

— Na nyumbani kwenu mko tisa. Wawili waliobaki nani?

— Shangazi, akasema Wembe kwa upole wa uongo, muda unakwenda. Una sabini na tano, una mia na arobaini na saba, una mia nne na hamsini. Mchagua jembe si mkulima. Chukua moja.

Shangazi alitazama ng'ambo. Kwenye geti walikuwa wameanza kutoa viti nje na kuvipanga kivulini, kila kiti mbali na mwenzake, ili watu wasichunguliane. Alivihesabu, akapata kumi na viwili. Yeye angeamrishwa akalie kipi?

— Tupige kura, akasema Mheshimiwa.

— Hesabu haipigiwi kura, akasema Shangazi.

— Penye wengi hapaharibiki neno.

Wakapiga. Wembe akajipigia yeye, Mizani akajipigia yeye, Mheshimiwa akainua mikono miwili na mmoja ukafutwa. Birika alipoulizwa alisema yeye hapigi kura akiwa na birika la moto. Ikawa moja, moja, moja.

— Basi tuafikiane, akasema Mheshimiwa, uso ukimng'aa kama mtu aliyezaliwa kwa ajili ya saa ile. Tujumlishe majibu yote matatu, tugawanye kwa watu watatu. Hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeshindwa. Sabini na tano, na mia na arobaini na saba, na mia nne na hamsini... Mizani, wewe wa hesabu.

— Mia sita sabini na mbili.

— Gawa kwa tatu.

— Mia mbili ishirini na nne kamili. Haina hata mabaki!

— Umeona! Haina mabaki! Wembe akapiga mapaja. Ingekuwa si kweli, ingebaki hata moja. Haba na haba hujaza kibaba!

Na ajabu ya watu wale ni kwamba dakika hiyo waliamini. Watu watatu walioanza kila mmoja na uongo wake sasa walikuwa na uongo mmoja wa ushirika, na walipeana mikono juu yake. Mheshimiwa alishaanza kusema kwamba kama wenye mtihani wataikataa mia mbili ishirini na nne, yeye mwenyewe ataandika barua fomula irekebishwe.

Shangazi hakuwa anawasikiliza tena. Kuna neno moja la Mizani lililokuwa limemkwama kama mwiba wa samaki: mfuko.

Kwa kuwa yeye alikuwa na mfuko wake. Kila jioni kabla ya kuondoka humfungia kazi mtu wa zamu ya pili, ambaye ni mzuri wa mikono lakini kichwa chake hakitaki kusumbuliwa. Humwekea kwenye gunia moja pakiti moja ya chokaa na pakiti nne za shabu. Halafu gunia lingine vilevile, pakiti moja na pakiti nne. Halafu lingine. Akimaliza huandika kwa chaki mlangoni, nje, namba moja tu: 3. Na mtu wa zamu hajawahi hata siku moja kudhani kwamba ile tatu ni uzito wa magunia. Wala hajawahi kuzidisha kwa tatu zile ndoo mbili za akiba zilizo sakafuni kando ya mlango. Ndoo ni ndoo. Magunia ni matatu. Basi.

— Leteni kalamu, akasema.

— Umekubali mia mbili ishirini na...

— Nimesema kalamu, Wembe, sijasema mdomo.

Akapewa. Akaandika polepole, herufi za mtu aliyeacha shule akiwa bado anaziandika vizuri.

— Ndani ya gunia moja. Salfa moja, thelathini na mbili. Oksijeni nne, sitini na nne. Gunia moja lina tisini na sita. Tumekubaliana?

— Hapo ni hesabu yangu, akasema Mizani.

— Hapo ni yako, Mungu akubariki, ndiyo mara ya kwanza umepima sawa. Sasa magunia ni mangapi? Matatu. Ile tatu ndiyo idadi ya magunia, si uzito wa mfuko. Tisini na sita mara tatu?

Mizani akafumba macho. — Mia mbili themanini na nane.

— Alumini wako nje ya gunia. Wako wawili, wamekaa sakafuni, mwenyekiti hawahusu. Hamsini na nne. Jumla?

— Mia tatu... arobaini na mbili.

Akaiandika, akaipigia mistari miwili chini. 342. Akaitazama. Hakufurahi sana. Aliijua furaha ya mapema ilivyo: hukuletea fyekeo.

— Haiwezekani, akasema Mheshimiwa. Tumeshafikia mwafaka.

— Fikieni.

— Shangazi, hiyo haijapigiwa kura!

— Na mimi nasema, akaongeza Wembe, mia tatu arobaini na mbili ukiigawa kwa tano inabaki mbili. Ni namba yenye doa.

— Kwa nini uigawe kwa tano?

— Kwa kujaribu tu.

Ugomvi ukapanda. Mizani alikuwa amegeuka sasa, yuko upande wa Shangazi, kwa sababu nusu ya hesabu ilikuwa yake na alishaanza kuiita "hesabu yetu". Mheshimiwa akamwita msaliti. Wembe akasema siku zote alijua mtu wa nyama hana msimamo, leo paja kesho shingo. Mizani akasema afadhali shingo kuliko kichwa ulichonyoa upande mmoja umeme ulipokatika. Walikuwa wamefika hapo alipokuja mwanamke mmoja mdogo wa umbo, viatu vimejaa vumbi, bahasha ya kaki ameikumbatia kifuani. Akaomba kahawa. Birika akainamisha birika mpaka likalala kabisa, ikatoka nusu kikombe yenye mashapo.

— Ndiyo ya mwisho, alisema.

Mgeni akaketi juu ya bawaba, akanyanyuka haraka, akaketi kando yake. Hakuna aliyemwangalia. Akanywa, akasikiliza. Mia mbili ishirini na nne ilirushwa upande huu, mia tatu arobaini na mbili ikarudishwa upande ule. Alipoona wamesimama kuvuta pumzi, akauliza kwa adabu:

— Samahani wazee wangu. Huo uzito linganifu mnaougombania. Unalinganishwa na nini?

— Eh? akasema Mizani.

— Mnasema ni linganifu. Kitu kikilinganishwa, kinalinganishwa na kingine. Hiki kinalinganishwa na nini?

— Na... na mwingine.

— Mwingine yupi?

Mizani akamtazama Wembe. Wembe akakumbuka ghafla kwamba ana mteja, akainuka kwenda dukani, ingawa kiti chake kilikuwa kitupu tangu alfajiri na kila mtu alikiona kupitia dirishani. Mheshimiwa alikohoa, akasema hilo ni swali zuri, zuri sana, la kuundiwa kamati, halafu akaketi. Na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwona akiketi katikati ya hotuba yake. Birika akaanza kusuuza vikombe.

Mgeni akamgeukia Shangazi.

— Na wewe mama?

— Sijui, akasema Shangazi. Tulifundishwa kujumlisha. Labda na hilo yule kijana aliyetufundisha aliliandika, akalifuta kabla sijanyanyua kalamu.

Mgeni akatikisa kichwa taratibu, akamaliza mashapo yake, akarudisha kikombe.

— Nashukuru. Mitambo ya maji ndiyo hapo ng'ambo? Nina mtihani wa kusimamia saa nane.

Benchi zima lilisimama. Mizani alivua kofia. Wembe alirudi mbio na kitambaa akaanza kupangusa mahali alipokuwa amekaa mgeni, wakati mwenyewe alishaondoka hapo. Mheshimiwa alisema kwamba yeye binafsi tangu mwanzo alikuwa anaielekea mia tatu arobaini na mbili.

Shangazi alinyanyuka kwa kulishika goti, akakunja karatasi, akamfuata yule mwanamke. Walisimama ukingoni mwa barabara kusubiri baiskeli zipite.

— Kusema "sijui" kuna maksi ngapi? akauliza Shangazi.

— Hakuna.

— Hata nusu?

— Hata robo, mama.

— Basi hamfundishi watu kusema kweli.

Wakaanza kuvuka. Shangazi aliikunjua tena karatasi yake huku akitembea, jambo ambalo angemchapia mtoto wa mtu. Mchana kutwa macho yake yalikuwa yamekimbilia wale watatu tu aliowahitaji, alumini na salfa na oksijeni. Sasa aliisoma orodha kuanzia juu, kama mtu anayesoma majina ya ukoo. Wa kwanza kabisa alikuwa hidrojeni. Moja. Chini yake wengine wote walikuwa wakubwa, nne, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na sita, na kuendelea. Hakuna aliyekuwa mdogo kuliko yule.

Kule stoo alikuwa na kikombe cha plastiki chenye mpini uliokatika. Ndoo ni vikombe kumi na vinane. Pipa ni vikombe mia mbili na kitu. Kikombe chenyewe kina uzito gani, hakuna aliyewahi kuuliza, na hakuna aliyehitaji. Ukishakubali kwamba hicho ni kimoja, vingine vyote unavisema kwa kukitaja.

— Basi nitaandika, alisema Shangazi, kwamba wanalinganishwa na mdogo wao. Huyu mwenye moja. Wengine wote ni yeye mara kadhaa, na shabu ni yeye mara mia tatu arobaini na mbili.

Yule mwanamke alisimama katikati ya barabara. Mwenye baiskeli akapiga kengele, akapiga tena, akatukana, akazunguka nyuma yao. Mgeni aliibana bahasha kifuani kwa mikono yote miwili, akatazama geti, akatazama viti kumi na viwili kivulini, akatazama kila mahali isipokuwa uso wa Shangazi.

— Mama, alisema, tafadhali usinitajie majibu yako barabarani.